Nyoka wa Uani kwa Mwalimu

Mume wangu alimuua nyoka wa kwanza wa jirani yetu Jumamosi moja mchana, mkoa wa Manyara ukiwa bado mpya na sisi tukiwa na miezi michache tu Babati. Yeye alikuwa karani wa masjala. Tulitoka Arusha kwa uhamisho, na kama wengine wengi tulipanga nyumba Maisaka, ambako wakati ule kiwanja kimoja kilikuwa na nyumba na cha pili kilikuwa bado shamba la mahindi. Mimi nilikuwa fundi wa kushona. Cherehani yangu niliiweka barazani kwa ajili ya mwanga, na baraza ile ilitazama moja kwa moja uani kwa jirani.

Jirani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Mbulu, mdogo kwangu kwa miaka kama sita. Mumewe alikuwa machimboni Mirerani na alionekana nyumbani kwa sikukuu tu. Alikuwa ameanza kujenga chumba cha nyongeza akaishia kwenye kukusanya mawe, na lile rundo la mawe lilikuwa limeota majani. Kuni zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Mabua ya mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa yamelala nyuma ya banda la kuku. Niliyaona yote hayo kila siku, na kwa kweli nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, maana mimi ua wangu ulikuwa umefagiwa mpaka udongo unang'aa.

Siku hiyo kuku wake walipiga kelele isiyo ya kawaida. Mume wangu alikuwa amejilaza mkekani anasikiliza redio. Aliinuka, akachukua mpini wa jembe, akapenya kwenye uzio wa minyaa bila kuniambia neno. Nilisikia mapigo matatu manne, kisha kimya, kisha mwalimu akicheka. Alichelewa kurudi. Aliporudi alikuwa na alama nyeupe juu ya mdomo.

"Alikuwa swila," alisema. "Amekwisha kumeza mayai mawili."

"Na hiyo mdomoni ni nini?"

Alijifuta kwa kiganja. "Maziwa ya mgando. Amenipa kikombe."

Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa. Katika miaka yote hiyo mume wangu hakunywa mgando nyumbani kwangu, kwa madai kwamba unamsumbua tumbo.

Tangu siku hiyo mwalimu alijua pa kuita. Alikuja kwenye uzio na kusema, "Shemeji, samahani, kuna kitu kwenye kuni," na mume wangu aliondoka hata kama chakula kiko mezani. Neno lile shemeji lilinikera. Kila mtu Babati alimwita mume wa jirani yake shemeji, mimi mwenyewe nililitumia, lakini kinywani mwake nililisikia kama limepakwa asali. Mume wangu alinunua mabuti ya mpira. Alichonga fimbo ndefu yenye panda, akaisimamisha nyuma ya mlango wetu. Ofisini alikuwa mtu wa kutafuta mafaili ya watu wengine. Uani kwa mwalimu alitembea kifua mbele.

Nilimwomba mara kadhaa azibe nafasi iliyokuwa chini ya mlango wetu wa nyuma, pana kiasi cha kuingiza vidole vitatu. Alisema, "Kwetu hakuna nyoka, mama." Ilikuwa kweli, na ndicho kilichoniuma. Nilikaa nikifagia ili nyoka wasije, kumbe kwa kufagia nimejikosesha mtu wa kuja kuniokoa.

Mwezi ule mwalimu aliniletea kitambaa cha gauni. Nilimpima. Nilizungusha futi kiunoni mwake, nikaisoma, nikarudia kwa kudhani nimekosea. Aliniambia, "Dada, wewe una mkono mzuri, kila mtu anasema." Nikamshukuru. Kisha nikakata gauni lile kwa upana wa vidole viwili zaidi, ili limwagike mwilini kama gunia. Alikuja kulichukua, akalivaa Jumapili kwenda kanisani, akalifunga mkanda mwekundu katikati. Hajawahi kupendeza kama siku ile. Wanawake wawili walikuja kwangu wiki hiyo hiyo wakitaka gauni la mtindo ule.

Naandika na hili, ingawa linanitia aibu: nilikwisha kuwaza kwamba nyoka mmoja angemgusa mguu, si wa kumuua, bali wa kumrudisha kwao Mbulu.

Kisha ikaja siku ambayo nyoka hakuwepo. Mwalimu aliita, mume wangu akaenda, na muda ukapita. Sikusikia fimbo wala kuku. Niliacha cherehani nikasogea mpaka kwenye uzio. Walikuwa wamekaa kivulini, yeye kwenye kigoda, mume wangu kwenye jiwe, wala hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Mume wangu alikuwa akisimulia.

Alisimulia habari za mdogo wake wa kike, aliyefariki wakiwa watoto kwao Singida. Mimi nilikuwa nikijua kwamba mtoto yule alikufa kwa homa. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo tulipokuwa wachumba. Sasa nilimsikia akimwambia mwalimu kwamba mama yao alimwagiza afyeke majani nyuma ya jiko, naye akaenda kucheza mpira. Mdogo wake alienda pale kuokota kuni akaumwa na kifutu. Mume wangu alimbeba mgongoni kuelekea zahanati. Njiani mtoto alimwambia sikioni, "Usiogope, sitamwambia mama kwamba hukufyeka."

Mwalimu hakusema pole. Nilirudi barazani nikakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedeli. Kama ningewakuta wameshikana mikono, nadhani ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningewaita wazee wa kanisa. Lakini mtu anakwenda wapi kushitaki kwamba mumewe amesimulia?

Nilikuwa na mteja mmoja mtu mzima, mkulima wa Singe, mwenye Kiswahili cha kuvuta cha watu wa zamani wa huko. Alipokuja kuchukua sketi yake nilimuuliza nyoka wanafuata nini nyumbani kwa mtu.

"Mtu hawamfuati," alinijibu. "Wanafuata panya na mayai. Na mahali pa kulala. Ondoa chakula, ondoa kitanda, atakwenda kwa mwingine."

Wiki iliyofuata mume wangu alisafiri kikazi kwenda Hanang kwa siku tano. Asubuhi ya kwanza nilivaa mabuti yake, nikachukua fyekeo, reki na panga, nikabisha kwa mwalimu. Shule zilikuwa zimefungwa, alikuwepo.

"Nimekuja tusafishe huu ua," nilisema.

Alinitazama kuanzia mabuti kwenda juu. "Dada, mbona unajisumbua?"

"Sijisumbui. Ni ujirani."

Tulifanya kazi siku tatu, kabla jua halijawa kali na tena likilegea. Tulifyeka majani mpaka kwenye uzio, tukakata matawi ya mparachichi yaliyokuwa yamegusa bati. Kuni tulizipandisha kwenye uchanja uliofika kiunoni, mbali na ukuta. Mahindi yaliyokuwa kwenye viroba sakafuni tuliyamimina kwenye pipa lenye mfuniko. Tulichoma mabua, na panya walitoka humo wengi kiasi kwamba tulipanda juu ya kigoda wote wawili. Matundu ya msingi tuliyaziba kwa kokoto na saruji iliyobaki kwenye mfuko. Nilikata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli nikavigongomea chini ya milango yake, na nilipomaliza vyake nikaenda kugongomea na vyangu.

Mawe tuliyaacha mwisho. Tulikuwa tukiyavuta kwa reki, moja baada ya jingine, ndipo kifutu akaonekana, mnene, amejikunja, rangi ya udongo wenyewe. Nilikuwa na mabuti, lakini nilirudi nyuma. Mwalimu alikuwa na kandambili. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akachukua jembe, akamshindilia shingoni pigo moja, kisha la pili kuhakikisha. Alimbeba kwa ncha ya jembe akaenda kumfukia. Alirudi akinawa mikono.

"Kumbe unajua," nilimwambia.

"Kwetu mtoto wa miaka kumi anajua."

"Basi kwa nini ulikuwa unamwita mume wangu?"

Alikaa kwenye jiwe, sijui kama ni lile lile alilokalia mume wangu. "Mara ya kwanza alikuja mwenyewe," alisema. "Nilimwona amefurahi sana. Nikajua huyu mtu tangu ahamie hapa hakuna anayemhitaji kwa jambo lolote. Na mimi naongea na watoto wa darasa la pili mchana kutwa. Nilipenda kuongea na mtu mzima. Hakuna zaidi ya hapo, dada. Kama nimekukosea, nisamehe."

Nilimwamini, na wivu ukaongezeka. Kumwona mume wangu kwa usahihi namna ile ilikuwa kazi yangu, naye ameifanya kutoka ng'ambo ya minyaa.

Mume wangu aliporudi alisimama kwenye uzio muda mrefu. "Nani amefanya kazi hii?"

"Mimi na mwalimu."

"Mmefanya vizuri," alisema, akaenda kuvua viatu.

Hakuitwa tena. Jumamosi mbili tatu alivaa mabuti akazunguka ua wetu akigusagusa ukingo kwa fimbo, akakuta udongo mtupu. Nilimwonea huruma, lakini sikujuta. Jumapili moja mchana nilimwambia, "Niambie habari za mdogo wako."

"Nilikwisha kukuambia. Homa."

"Nilikusikia ukimwambia jirani."

Alitazama chini. Kisha alinisimulia, kwa ufupi, kama mtu anayesoma taarifa ofisini: majani, mpira, kifutu, zahanati. Nilisubiri lile alilonong'onezwa sikioni njiani. Hakulisema. Nilimtengenezea chai, akanywa, tukazungumza mambo mengine.

Mwalimu alihamishiwa Mbulu mwaka uliofuata, karibu na wazazi wake. Nilimsaidia kufunga vyombo, nikamshonea na gauni la kuondokea, safari hii kwa kipimo chake halisi. Tulipoagana stendi alinikumbatia akalia. Mimi pia nilitoa machozi, na basi lilipoondoka nilitembea kurudi Maisaka kwa miguu, mwepesi, nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.