Darubini Iliyotakiwa Kuelekea Ardhini

Nakumbuka jioni ile kwa aibu, mwanangu, na sikufichi. Sikuwa msichana, nilikuwa nimebakiza miaka minne tu nistaafu. Ila akili niliyotumia ilikuwa ya kitoto, kwa hiyo naihesabu kuwa hadithi ya ujana wangu, ucheke ukipenda.

Nilikuwa nafundisha fizikia kwenye sekondari moja hapa Bariadi. Tukaazimwa darubini, si ya kuchungulia tu, bali ya kupigia picha nyota. Darubini ya namna hiyo ina mhimili, na lazima uelekezwe sawasawa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Ukikosea, nyota kwenye picha zinatoka mistari badala ya nukta. Nikashika kitabu chake, kilichoandikwa Ulaya: geuza mhimili kaskazini, kisha uinue kwa digrii za latitudo ya mahali ulipo. Bariadi ni digrii karibu tatu. Nikatoa dira, nikainua tatu, nikajipangusa mikono.

Kompyuta alikuwa nayo Mwalimu Zuhura, binti wa Tanga aliyeajiriwa mwaka ule, bado yuko kwenye majaribio, hajathibitishwa kazini. Alikuwa ameweka programu inayopiga picha ya nyota, inazilinganisha na ramani yake, halafu inakwambia mhimili wako umeelekea wapi hasa. Zuhura alinistahi sana. Kila asubuhi alinisalimia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kwa lafudhi ya kwao, nami nacheka.

Basi giza likaanza kuingia, wanafunzi wametuzunguka uwanjani, programu ikasema tumekosea digrii karibu sita, tushushe mhimili. Zuhura akasoma kwa sauti ndogo. Nikashusha kidogo. Ikasema shusha tena. Nikatazama skrini mwenyewe: ilitaka mhimili upite usawa wa ardhi, uzame chini.

"Nyota za kwenu Tanga zinakaa ardhini?" nikamuuliza. Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Mwalimu, labda tugeuze kusini," akasema.

"Labda ufunge kompyuta," nikamjibu. "Umeshaiharibu programu ya watu."

Akaifunga. Nami kwa zile hasira zangu za karibu, sikungoja. Kesho yake nikampelekea mkuu wa shule barua kwamba Mwalimu Zuhura ameharibu kifaa cha kuazima kwa uzembe. Mtu aliye kwenye majaribio, mwanangu, barua kama hiyo inaweza kumrudisha kwao na begi lake. Nililijua hilo wakati naandika.

Mkuu akamtaka ajieleze kwa maandishi, kisha akatuita wote wawili. Mimi nikaenda na tufe la dunia la darasani, rula na kalamu, ili nimwonyeshe mkuu jinsi binti huyu asivyojua kitu. Rula hii ninayoiegemeza kwenye tufe ndiyo ardhi, nikamwambia, na kalamu ndiyo mhimili wa darubini, nimeilaza kufuata mhimili wa dunia. Nikaanzia Ulaya, kwa wenye kitabu: upande wa kaskazini wa kalamu ukasimama juu ya rula, safi kabisa. Nikateremka. Kwenye ikweta kalamu ikalala sawa na rula. Nikavuka kuja huku kwetu, na upande ule ule ukazama chini ya rula.

Nikaitazama tena ile kalamu. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Jambo hilo nimelifundisha miaka nenda rudi, na sikulikumbuka niliposhika dira. Kwa kuwa tuko kusini kidogo tu, kosa halikuonekana kwa macho. Programu ndiyo iliyoliona. Ncha ya kaskazini kwetu kweli iko chini ya ardhi. Tulitakiwa kugeuza kusini, kama Zuhura alivyosema.

Kabla sijaiweka rula chini, mkuu akanisogezea maelezo ya Zuhura nisome. Alikuwa ameandika kwamba kosa ni lake, ameharibu programu, anaomba radhi, na yuko tayari kwa hatua yoyote.

"Ulijua kwamba mimi ndiye niliyekosea?" nikamuuliza.

"Nilijua, mwalimu."

"Sasa mbona umeandika hivi?"

Akaangalia sakafu. "Ulishasema mbele ya wanafunzi. Ningekubishiaje, na wewe ni sawa na mama yangu?"

Nikakaa bila kukaribishwa. Mtu alikuwa tayari kupoteza kazi ili mimi nisiaibike, nami nilikuwa nimekuja na rula kummaliza. Barua yangu niliichana pale pale, na Jumatatu nikasimama mstarini nikawaambia wanafunzi nani alikosea. Zuhura alithibitishwa. Lakini mpaka leo sijayasahau maelezo yake.

Ninachokuomba ni hiki. Ukiambiwa umekosea, iwe na kifaa au na mtu mdogo kwako, kagua kwanza ulichokifanya wewe kabla hujamshtaki mwenzako. Ukishakuwa mkubwa, usitake heshima ya kufanya watu waogope kukusahihisha. Mimi niliitaka, na kidogo imtoe binti wa watu kazini. Na leo ungali mdogo, salimia kwa adabu zote, kisha sema unachokiona. Hakuna adabu inayokudai ujiandikie kosa la mwingine.

Mungu akuwekee karibu watu wa kukwambia ukweli, mwanangu, na akujalie kuwasikia mapema kuliko nilivyosikia mimi.