Herufi Zangu za Mwaka Elfu Tatu

Municheke tu, hata mimi najicheka. Niko fundi wa vibao hapa Bunia, na wakati wa vita nilijiona fundi kupita mafundi wote.

Mama Vumilia, muganga wa dispansere, ile zahanati ndogo ya mutaa wa Ngezi, aliniomba: "Papa Grâce, andika DISPENSAIRE na herufi za kawaida. Watu watakuja hapa mbio."

"Za kawaida ni za maskini," nikamujibu, mupumbavu mimi. Katika gazeti moja kuukuu nilikuwa nimeona herufi za watu wa kwenda mwezini: A ni pembetatu tupu, E ni mistari mitatu inayoelea hewani, S ni kama nyoka aliyepigwa pasi. Nikazichora zote kwa rangi ya fedha. Chini, pembeni, nikatia jina langu kwa herufi za shule, watu wasikose kumujua fundi.

Asubuhi moja risasi zikalia. Mama mukwe wangu, aliyekuwa amekimbia vita kule Mongbwalu na kufika kwetu juzi tu, akaanguka akavunjika mguu. Shemeji wangu akamubeba mugongoni, wakapita mbele ya dispansere mara mbili bila kuijua, mupaka jirani akawaonyesha. Niliwakuta chini ya kibao, watu wamewazunguka.

"Miye nilisoma ku masista," mama mukwe alilia kwa hasira, "lakini hii iko nini? Nilizania iko nganda ya pombe! Mujinga gani aliandika hii?"

Nikainamisha kichwa. Mama Vumilia akaniangalia tu.

Mama mukwe akainua macho, akatafuta kwenye kibao chote kitu cha kusomeka. Akakipata pembeni, chini. Akasoma kwa sauti, polepole, jina la baba ya wajukuu wake.