Baba Alimvulia Kofia Mwizi

Baba yangu alichukia wezi kuliko nyoka. Alikuwa msimamizi wa vitanda vya kuanikia kahawa katika shamba moja la Ruiru, na kahawa iliyoanikwa nje haina mlango wala kufuli. Kinachoilinda ni macho ya mtu. Kwake mwizi hakuwa na sababu. Ukimwambia fulani ameiba kwa njaa, alikuuliza kama wenye njaa wengine wote wameshakufa.

Kwa hiyo nilipomwambia nimepata mchumba, na kazi ya mchumba huyo ni kutafsiri sinema, nilijua nimechokoza nyuki.

Miaka ile ya hamsini kulikuwa na gari la sinema lililozunguka mashambani, Thika hadi Ruiru, likitangaza sabuni. Kwanza mwanamke mmoja aliitwa mbele afue shati watu wakiona, kisha giza likiingia shuka kubwa linatundikwa na picha zinaanza. Picha zilisema Kiingereza. Kijana mmoja Mkikuyu, mzaliwa wa Thika, alisimama kando ya shuka na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili nani amesema nini. Siku moja niliitwa mimi kufua. Nikalitazama shati, nikamwambia yule kijana mbele ya kambi nzima ya wafanyakazi kwamba hili ni safi, waniletee la mtu aliyefanya kazi. Alicheka na kipaza sauti kikiwa mdomoni, kambi yote ikamsikia. Mambo yetu yalianzia hapo.

Baba alikataa. Hakutaja kabila, ingawa najua na hilo lilikuwemo, maana sisi tulikuwa watu wa kutoka magharibi ya nchi. Alisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mtu anayelishwa na maneno ya wengine leo atayageuza ya Mzungu, kesho atayageuza ya mkewe. Nikalia, nikanuna, nikawa nampakulia ugali bila kumsemesha. Mwishowe akachoka. Akasema atakwenda amwone akifanya kazi, ndipo aseme ndiyo au la, na akishasema nisimrudie tena na habari hiyo.

Gari liliporudi, baba alivaa kofia yake ya Jumapili akaketi mbele kabisa. Watu wa magharibi tulikaa upande mmoja, Wakikuyu upande mwingine, kama ilivyokuwa desturi ya kambi.

Ilikuwa sinema ya ng'ombe na farasi. Mtu mwovu tulimtambua mara moja kwa masharubu yake. Lakini kabla hajafanya uovu wowote tulionyeshwa tajiri mmoja akiuzungushia mto waya, ng'ombe wa huyo mwovu wakafa kwa kiu, na ndugu yake alipokwenda kuukata waya akapigwa risasi. Mwovu akamzika. Kaburi halijakauka, akapanda farasi, akawaswaga ng'ombe wote wa tajiri kwa mbio, vumbi limetanda, huku akipiga kelele.

Upande wetu wote ukasimama. Kwetu, mtu mzima akizikwa, ng'ombe huswagwa kwa mbio hadi bomani kwa marehemu, watu wakiimba na vumbi likitimka. Ndiyo heshima yake ya mwisho. Baba akavua kofia, na kwa mwanga wa lile shuka niliyaona machozi yake. Upande wa pili Wakikuyu walikuwa wakishangilia kwa sababu yao wenyewe. Miaka ile vijiji vya kwao vilikuwa vimezungushiwa waya na serikali, kwa hiyo habari za mtu kuzungushiwa waya hawakuhitaji kutafsiriwa. Uwanja mzima ukawa wa mwizi.

Ndipo kipaza sauti kikasema, "Sasa ameiba ng'ombe ya tajiri."

Baba aligeuka. "Kijana, huyo haibi. Huyo anazika ndugu yake. Sema vizuri."

Watu wakamwitikia. Picha ziliendelea kucheza, lakini hakuna aliyezitazama. Wote walimtazama mchumba wangu. Neno moja tu la kukubali, na watu wangeshangilia, na mimi ningeolewa. Nilimkazia macho akubali.

"Mzee," akasema, "mimi nasema ile maneno yeye mwenyewe amesema. Amesema ameiba. Na amesema ni juu ya ndugu yake. Siwezi toa moja niache ingine."

Baba akavaa kofia, akaondoka. Nilimchukia yule kijana na ukweli wake. Nilimwona mjinga, mtu wa kumtupa mke kwa ajili ya ng'ombe wa kwenye shuka.

Juma lile kambi ilibishana. Mhubiri wetu alisema anayemlilia mwizi kwenye picha kesho atamfungulia mlango. Wanawake tuliokuwa tukichuma kahawa tulimjibu, pembeni lakini, kwamba machozi si ufunguo. Bado naamini hivyo. Lakini wakati ule nilikuwa na shida yangu, maana baba alikuwa bado hajatoa jibu lake.

Jumapili baba akaniambia nimwite yule kijana. Alikuja na mjomba wake kutoka Thika, wote wawili wamejikaza shingo kwa tai. Baba aliwaacha wanywe chai kidogo, kisha akauliza, "Na siku moja ukisikia mimi nimeiba kahawa, utaambia watu nini?"

Mjomba alikohoa. Mimi nilikuwa mlangoni na birika, nikaomba ardhi ipasuke.

"Nitawaambia umeiba, mzee. Halafu nitakaa nao mpaka wajue ni kwa nini."

Baba aliweka kikombe chake chini. Alipozungumza, hakumtazama yeyote.

"Kaka yangu alipokufa sikuenda kumzika. Nilinyimwa ruhusa na Mzungu wa shamba. Huko nyumbani wanasema nilimtupa. Ni kweli sikuenda, sikatai. Lakini hakuna mtu aliyekaa nao akawaambia ni kwa nini."

Sikuwahi kulisikia jambo hilo. Miaka yote nilidhani barua za nyumbani zilikoma kwa sababu ya umbali. Nilitaka kumkumbatia, lakini baba yangu hakuwa mtu wa kukumbatiwa mbele ya wageni. Aliniashiria nije na birika, nimwongezee mkwe chai.