Rulade kwenye Kiwanja cha Maharagwe

Siku yangu ya kwanza chuoni, huku Masisi, mashariki mwa Kongo, nilikabidhiwa filimbi, mpira mmoja na boksi la chaki. Chaki, kwa mwalimu wa michezo! Kumbe desturi ilikuwa kuandikisha noti za somo ubaoni karibu saa nzima, kisha tunatoka nje kutoa jasho dakika chache. Nilifundisha hivyo miaka mingi, na sioni haya kusema kwamba nilichoka kabla ya wanafunzi.

Karibu na kustaafu nikaligeuza darasa. Maelezo niliyarekodi kwa simu, video fupi, na wanafunzi wakapitishiana kwa kadi ya memori. Somo linatangulia nyumbani, uwanjani tunafanya tu. Shefu wa seksio, mkubwa wangu, hakufurahi.

"Papa, unataka telefone njo ifundishe?" akaniuliza. "Sawa. Lakini kama banafunzi banaanguka mu egzamen ya rulade, unarudia ku tablo na chaki yako."

Rulade ni kuviringika mbele: kidevu kifuani, mgongo mviringo, unamalizia umesimama bila kugusa chini kwa mikono. Niliyekuwa na wasiwasi naye zaidi alikuwa Riziki, binti wa wakulima wa Kibabi. Alikuwa anarudia mwaka, na baba yake alishasema akianguka tena atarudi shambani.

Siku ya mazoezi niliwapanga kwa mbwembwe. Wakaviringika vizuri sana, kisha wote wakabaki kitako kama magunia ya mihogo. Hakuinuka hata mmoja.

"Video hamukuangalia?" nikafoka.

"Tuliangalia, Papa Prof," Riziki akajibu. "Lakini kwetu ni mulima tu. Mulima njo ilikuwa inatusimamisha."

Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaona aibu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa milima hiyo, na video niliipiga kwenye uwanja wa chuo bila kufikiri. Nikawauliza kama nyumbani kwao kuna mahali popote palipo tambarare.

"Fasi tunapigaka maharagi," akasema Riziki.

Ni kweli, kila nyumba ina kiwanja kilichosawazishwa kwa jembe kwa ajili ya kupuria maharagwe. Nikarekodi upya kwa kina Riziki, juu ya maganda makavu, mama yake akitukemea tusikanyage mbegu. Wenzake nao wakafagia viwanja vya kwao.

Siku ya mtihani Shefu alikuja mwenyewe na kalamu yake. Riziki akaviringika, akasimama wima, mikono mbele. Moyo wangu ulitulia. Wenzake wakafuata, wakasimama.

"Endelea na matelefone yako," Shefu akaniambia, akaenda zake.

Sasa nimestaafu, na filimbi mnayo nyinyi walimu vijana. Kabla ya kutuma somo nyumbani, ijueni hiyo nyumba. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wazee, nami nilirudi pale nilipozaliwa ndipo nikajua kufundisha.

Riziki ni mwalimu huko Kibabi. Juzi nilimtembelea nikamkuta baba yake, yule yule, anafagia kiwanja.

"Pita pembeni, Papa Prof," akaniambia bila kuinua kichwa. "Banafunzi ba mutoto wangu banakuja."