Boya Lililokunywa Mafuta

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya risasi iliyoyeyushwa hunirudisha kwetu Sapiwi papo hapo, hata nikiwa napita tu nje ya gereji. Mtanicheka, maana wenzangu hukumbuka kwao kwa harufu ya mvua au ya maziwa.

Baba alikuwa na gari kuukuu, pikapu ya rika lake, iliyobeba pamba msimu ukifika na wanakwaya miezi mingine. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa tangu alinunue. Hakujali. Alichovya kijiti kwenye tangi, akakitazama, akatangaza safari. Alijisifu kwamba analijua tumbo la gari lile kuliko la kwake.

Bibi mzaa mama alipofariki kule Kiloleli, tuliondoka mapema. Tulipofika Nyashimo mama aliomba tuongeze mafuta. Baba akasema yaliyomo yanatosha. Hatukwenda mbali, gari likakohoa, likanyamaza kando ya majaruba ya mpunga. Baba aliazima baiskeli kurudi Nyashimo, na tulipofika msibani watu walikuwa wanakung'uta udongo kwenye majembe. Mama hakupiga kelele. Aliketi kando ya kaburi, mkononi bado ameshika kanga aliyotaka mama yake azikwe nayo.

Tangu hapo hakupanda tena gari lile. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu pamoja nami, na baba akaona aibu kuendesha peke yake, akatufuata nyuma akikanyaga vumbi letu. Nyumbani walisemeshana kupitia kwangu: mwambie baba yako uji uko tayari; mwambie mama yako nimeshiba. Nilichoka kuliko punda.

Asubuhi moja nilimkuta baba amelala chini ya gari, tangi limeshushwa. Alitoa waya mrefu wenye boya la shaba nchani, akalitikisa sikioni pangu. Ndani kulicheza mafuta. Akanieleza kwamba boya linapaswa kuelea na kuupandisha mshale, lakini hili lilitoboka, likanywa mafuta, likazama. Tulilikagua kila upande, tundu halikuonekana.

Akasimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi.

"Mama Kabula, naomba maji ya moto."

Kabula ni mimi, nikajiandaa kupeleka ujumbe, kumbe hakunihitaji. Mama alimtazama, kisha akayaleta mwenyewe kwenye sufuria, mbali na moto. Baba akalizamisha boya, ili joto liisukume hewa ya ndani itokee penye tundu. Sote watatu tuliinamia mvuke.

"Hapo," mama akasema. "Kwenye mshono."

Vipovu vyembamba vilikuwa vinapanda kimoja baada ya kingine.

"Pale Nyashimo ulisema," baba akasema taratibu.

"Nilisema."

Basi, hayo tu. Baba alitoboa kidogo pale penye mshono, akayamwaga mafuta yote, akalianika boya juani hadi harufu ikaisha kabisa. Ndipo akaziba kwa risasi iliyoyeyushwa, na mama akachemsha maji mengine bila kuombwa. Safari hii hapakutoka kipovu hata kimoja.

Walipolirudisha tangi na kumimina mafuta, mshale ulitetemeka, ukanyanyuka. Nilishangilia. Mama alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akaketi. Alisema anataka kwenda Kiloleli kupalilia kaburi la mama yake.

Tulikwenda. Alilima, akalia kilio alichokuwa amekibana tangu msiba, na baba akaokota magugu nyuma yake.

Wakati wa kurudi mama alisinzia, kichwa kikaangukia bega la baba. Baba akaendesha polepole mno, akikwepa kila shimo, hata baiskeli zikatupita. Nilinung'unika moyoni kwamba gari limetengenezwa bure. Mpaka nilipoolewa na kujua jinsi neno samahani linavyoweza kumkwama mtu mzima kooni, ndipo nikaelewa kwa nini baba hakuwa na haraka ya kufika.