Mume wa Jelagat

Tulipoacha lami na kuingia njia ya Chepsaita, mahindi yakiwa yametuzunguka pande zote, Amondi alimwomba tena mwendesha boda apunguze mwendo.

“Madam, nikipunguza zaidi tutarudi Turbo kinyumenyume,” akasema. “Kwani mnaenda kuposa?”

“Tunaenda matanga.”

Akapunguza mwendo. Mimi sikupajua huko. Amondi alikuwa ameniomba nimsindikize, maana nyumba yenye msiba haiendewi peke yako.

Nimepanga chumba kwake, mtaa wa West Indies, Eldoret. Yeye ni mzaliwa wa Kisumu na huandika programu za kompyuta. Hospitali moja ndogo ya uzazi mjini ilimpa kazi: mama akizidiwa, programu imtafute mgonjwa, kupitia mgonjwa imtafute mume, kupitia mume ichukue namba ya simu, kisha itume ujumbe. Kila hatua huitegemea iliyotangulia. Moja ikikosa kitu, programu nzima inaanguka, yaani inazimika. Basi ikawa inaanguka, na manesi wakachoka kuwasha mashine upya. Ndipo Amondi akaweka kinga wanayoijua waandishi wote wa programu, alama ya kuuliza kwenye kila kiungo: kama hapa hamna kitu, simama kimya, endelea na mengine. Haikuanguka tena. Manesi walimletea keki.

Kisha akaja Jelagat kujifungua. Alikuwa ameolewa na Mama Jemutai. Wanandi hawashangai: mwanamke mzee asiye na mwana wa kiume hutoa mahari, akaoa mke, na kwa mila yeye ndiye mume, watoto ni wake. Kiplimo, karani wa mapokezi, ni Mnandi, alilijua hilo. Lakini mahali pa mume programu ilikubali mwanamume tu. Kuandika jina la mwanamume yeyote kungekuwa kuitukana nyumba ile. Akapaacha wazi.

Jelagat alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Programu ilimtafuta mume, ikakuta utupu, ikanyamaza. Kwenye skrini hapakuwa na kosa lolote, kwa hiyo kila Jelagat alipouliza, “Mume wangu amefika?” manesi walimjibu, “Yuko njiani.” Walimjibu hivyo mpaka akakata roho.

Tulimkuta Mama Jemutai ameketi mlangoni, mtoto mapajani.

“Chamgei, Mama,” Amondi akasalimu.

“Wewe ndiye wa kompyuta?”

“Ndimi, Mama. Nimeona nikuambie mwenyewe. Hukuitwa kwa sababu yangu.”

“Simu nilikuwa nayo shingoni, kwa kamba. Nilikama ng’ombe nayo. Nikawa najiambia, wangekuwa na neno wangesema.”

“Niliifundisha kunyamaza, Mama. Ndio isiharibike.”

“Haikuharibika?”

“Haikuharibika.”

Mama Jemutai akamfukuza nzi usoni pa mtoto. “Na sasa inafanyaje?”

“Sasa inauliza mtu wa kuitwa, awe nani awe nani. Na isipompata, inapiga kengele mpaka nesi aje.”

“Kwa hivyo hilo lilikuwa linawezekana.”

“Lilikuwa mstari mmoja, Mama.”

Kuku walikuwa wakiparura uani. Kisha mtoto akalia, na Amondi, bila kufikiri nadhani, akanyoosha mikono ampokee. Mama Jemutai aliitazama mikono hiyo kwa muda mrefu, bila hasira. Halafu akageuka, akanipa mimi mtoto, mimi ambaye hakuwa ameniuliza hata jina.

“Mtu wa boda anakungoja,” akamwambia Amondi. “Huyu mgeni atakunywa maziwa kwanza.”

“Mama, nisamehe.”

“Nenda salama.”

Amondi aliteremka hadi njiani akijifuta uso kwa mkono wa sweta. Pikipiki ikanguruma, mahindi yakamficha. Mama Jemutai akaingia ndani kuniletea maziwa. Nami sikuinuka kumfuata mwenzangu. Mtoto alikuwa ameanza kusinzia.