Mafundo Mawili ya Ubavu wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kwenye ateliye, karakana ya kuundia maboti hapa Kindu, sikupewa kalamu. Shefu wa ateliye alinipa ufito mwembamba wa mbao na misumari. Nikaupinda kati ya misumari mpaka ukatoa mkunjo wa tumbo la boti, naye akapitisha kidole juu yake taratibu.

"Chuma itafuata mustari yako," akasema. "Ukidanganya hapa, maji ya Lualaba itakusema."

Miaka mingi nilichora hivyo. Vita vilipofika, treni zikakoma, tukabaki na mto tu. Injinia mmoja alituachia ordinatere, yaani kompyuta, iliyotumia umeme wa jenereta, akatufundisha mimi na mchoraji mwenzangu, Ramazani. Mkunjo kwenye kioo, alisema, ni vipande vilivyoungwa, na pale vinapoungana ndipo penye fundo. Ukiongeza fundo, mkunjo hausogei hata unywele. Unapata tu pointi zaidi za kuuvuta mahali padogo bila kuharibu kwingine. Kuondoa ndiko kwenye hatari. Fundo lisilobeba kitu hutoka kimya. Likiwa linabeba mpindo, mkunjo unahama, na mashine hukuuliza utavumilia uhame kiasi gani.

Wakati ule hatukuaminiana. Wenye silaha walituwekea direkta mpya, na mtu aliweza kuitwa ofisini kwake asubuhi, mchana familia ikamtafuta. Ramazani akaanza kufika kazini kabla yangu. Nikiingia, anazima kioo.

Asubuhi moja nilifungua mchoro wa boti letu jipya nikaona mafundo mawili nisiyoyaweka, yote ubavu wa kushoto, chini ya mstari wa maji, na mkunjo umevutwa nje kidogo. Kulia hakuna kitu. Nikawaza kasiterite, madini ya bati yanayochimbwa Kalima: mtu anayetaka uvungu wa kufichia magendo angeanzia hapo hapo. Sikumuuliza. Niliyaondoa yote mawili, na mashine iliponiuliza kiasi cha kuvumilia, nikaandika namba kubwa ili ininyamazie.

Bamba likakatwa kwa mchoro wangu. Halikulala vizuri juu ya mbavu za chuma. Mafundi wakalilazimisha kwa nyundo, wakalichomelea. Siku ya kuliteremsha boti mtoni, mshono ukafunguka. Mchomeleaji aliyekuwa ndani alitolewa akitapika maji.

Direkta alikuja mwenyewe. "Nani aligusa ule mchoro?"

Watu wote wakamtazama Ramazani, maana walijua anavyofika mapema. Na mimi nikamtazama. Askari wawili wakaondoka naye.

Siku mbili sikula vizuri. Ya tatu nikamwendea shefu wa ateliye, nikamwambia nilichofanya.

"Ulipima mbele ya kutoa yale mafundo?" akauliza.

"Hapana, shefu."

"Mbavu za kushoto zilikatwa vibaya, zilizidi kidole moja. Chuma ingine haikukuwa. Mimi njo nilimutuma Ramazani avute mustari, bamba ilale muzuri juu yake."

"Mbona hamukuniambia?"

"Direkta angejua tumekosea. Na wewe, hatukujua unaongea na nani." Akatazama chini. "Hata mimi nilinyamaza siku mbili."

Tukaenda kwa direkta pamoja. Ramazani aliachiwa wiki iliyofuata, mkono wake wa kuume hauwezi tena kushika kalamu. Mimi nilihamishiwa stoo, nikakaa huko mpaka wale wenye silaha walipoondoka. Nilirudi kwenye kioo, nikachora mpaka nilipostaafu.

Vijana wanaochora siku hizi huja kuniuliza. Nawaambia: kabla ya kutoa fundo, pima, na uliza nani aliliweka, na kwa nini.

Mwezi uliopita nilivuka mto kumwona Ramazani, nikamwomba msamaha tena, nikasema laiti ningemuuliza asubuhi ile.

"Nilikusamehe zamani, Mama Furaha," akasema. "Lakini hata ungeniuliza, singekuambia kweli. Nilikuwa nakuogopa."